Kusafisha, kuskani au kuchapa: uanze na kipi ukiwa mgeni wa filamu

Anayeanza kupiga picha za filamu huwa na swali moja: mkanda ukishaisha, picha nazipataje? Ndani ya swali hilo mna kazi mbili, na wengi huzilipia pamoja bila kujua kwamba zinatenganishika. Ya kwanza ni kusafisha filamu, yaani kuitia dawa mpaka picha zitokee na zisiharibiwe tena na mwanga. Ya pili ni kuigeuza negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo mwanga na giza vyake vimepinduka, kuwa picha ya kutazamwa, ama kwa kuiskani, ama kwa kuichapa kwenye karatasi. Unaweza kufanya ya kwanza nyumbani na ya pili ukamlipa mtu, au kinyume chake. Ugumu wake haulingani hata kidogo, na gharama vivyo hivyo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Filamu ya nyeusi na nyeupe isafishe mwenyewe tangu mkanda wa kwanza. Ya rangi mpelekee mwenye maabara, angalau kwa sasa. Skana usinunue kama tayari unayo kamera ya dijitali. Mashine ya kukuzia picha, ile ya kuchapia negativu kwa ukubwa kwenye karatasi, isubiri, ila karatasi za picha zisisubiri.

Maabara au nyumbani

Kwa filamu ya rangi, maabara inashinda. Dawa za C-41, mfumo uliotoka 1972 na unaotumika leo kwa karibu negativu zote za rangi, zinataka joto la nyuzi 37.8, na Kodak wanaruhusu liyumbe kwa 0.15 tu. Divelopa, yaani dawa inayoitokeza picha, hukaa dakika 3 na sekunde 15. Mashine inalinda hayo yote bila kuchoka, mradi mikanda iwe inaingia kila siku, na hapo ndipo penye shaka. Studio nyingi za mitaani siku hizi zinaishi kwa picha za pasipoti na za harusi zinazotoka kwenye kamera za dijitali. Mashine inayopitisha mikanda michache kwa mwezi, dawa yake huchoka ikiwa imekaa tu.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza bei. Uliza wanasafisha filamu mara ngapi kwa wiki. Uliza kama negativu zako utarudishiwa. Uliza faili watakazokupa zina pikseli ngapi, wasikujibu "kubwa" au "za kawaida". Fundi anayeijua kazi yake hujibu yote matatu papo hapo. Na faili zikitumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida, ujue zimeshabanwa. Omba zije kama dokumenti, au peleka flashi.

La negativu usilegeze. Faili ni nakala, negativu ndiyo mali yenyewe. Pale Mji Mkongwe, Unguja, Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Watu wameingia dukani hapo miaka na miaka kununua picha za Zanzibar ya zamani kwa sababu familia ile ilitunza negativu zake. Weka zako kwenye vifuko vyake, mahali pakavu. Hewa ya pwani huotesha ukungu juu ya filamu kama inavyouotesha kwenye lenzi.

Kama mjini kwako hakuna maabara, mikanda itasafiri, ama kwa basi kwenda mji mwingine au mikononi mwa ndugu anayekwenda nje. Kwa ndege, isiwekwe kwenye begi la kukabidhi, maana eksirei za huko ni kali. Mashine mpya za CT za mizigo ya mkononi nazo huitia filamu weusi usiotakiwa. Mikanda ikae kwenye mfuko wa plastiki unaoonekana ndani, na aliyeibeba aombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono.

Sasa nyeusi na nyeupe, ambayo kwa kweli ni kazi ya mezani. Unahitaji tangi la kusafishia lisilopitisha mwanga pamoja na rili yake (gurudumu la kuzungushia filamu), mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, kipimajoto, majagi mawili yenye vipimo, chupa za dawa na vibanio vya nguo. Chumba cha giza hakihitajiki. Giza ni la zile dakika chache za kuizungushia filamu kwenye rili, mikono ikiwa ndani ya mfuko. Ukishafunga kifuniko cha tangi, yaliyobaki unayafanya mchana kweupe, umeme uwepo usiwepo. Zoezi la kuizungusha lifanye kwanza kwa mkanda wa kutupa, macho wazi, kisha macho yamefumbwa. Rili ikiwa na unyevu filamu hunasa, kwa hiyo ikaushe sawasawa, na kama ni msimu wa joto usijifungie chumbani jasho likikutiririka ndani ya mfuko.

Chukua mfano wa filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye divelopa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Tangi la Paterson linataka mililita 290 kwa mkanda mmoja wa milimita 35, kwa hiyo pima 150 za dawa na 150 za maji. Mimina, washa saa ya simu, pindua tangi juu chini mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo, kisha ligongegonge mezani ili mapovu yabanduke kwenye filamu. Liache litulie. Kila dakika mpya inapoingia, lipindue mara nne tena. Kwa nyuzi 20, kazi hiyo inakwisha dakika ya 13. Mwaga, tia dawa ya kuzuia, inayosimamisha divelopa, kwa sekunde 10, mwaga, tia fiksa, dawa inayoifanya filamu isiharibiwe tena na mwanga.

Fiksa haihitaji kubahatisha. Kata kipande cha ile ncha ya filamu iliyokwisha kupata mwanga wakati wa kupakia kamera, kitumbukize kwenye fiksa, hesabu mpaka kiwe angavu. Zidisha mara mbili: huo ndio muda wa fiksa yako. Siku kipande kikichukua mara mbili ya muda kilichochukua fiksa ilipokuwa mpya, changanya nyingine.

Nyuzi 20 za wapi?

Majedwali ya dawa yaliandikwa na watu ambao maji yao ya bomba ni ya baridi. Nairobi, Arusha au Iringa hutasumbuka sana. Maji yakikaa usiku ndani ya ndoo yanakaribia penyewe. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, maji ya simtanki mchana yanaweza kufika nyuzi 28 au 30, na hapo ndipo wengi huharibu mkanda wakidhani filamu ni mbovu.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupoza: simamisha chupa za dawa ndani ya beseni la maji, tia humo chupa ya maji iliyogandishwa kwenye friji, subiri kipimajoto kishuke. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe, itaizimua. Ya pili, ninayoipenda zaidi, ni kukubali joto lililopo na kupunguza muda. Kila nyuzi inayopanda hukata karibu asilimia 8 ya muda. ID-11 isiyozimuliwa huisafisha HP5 Plus kwa dakika 7 na nusu kwenye nyuzi 20. Kwenye 28 hiyo imeshuka hadi kama dakika 4, na chini ya dakika 5 filamu huanza kutoka na mabaka. Nusu kwa nusu inakupa nafasi: karibu dakika 9 kwenye nyuzi 24, na kama dakika 7 kwenye 27. Muhimu ni dawa zote na maji ya kuoshea viwe na joto moja. Filamu ikitoka kwenye nyuzi 28 ikaingia kwenye maji ya friji, ngozi yake hujikunja.

Maji nayo yana hesabu yake. Kuacha bomba likitiririka nusu saa ni anasa mahali ambapo maji ni ya mgao. Ilford wana utaratibu wao: baada ya fiksa jaza tangi, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Kwa tangi dogo hiyo haifiki hata lita moja. Suuzo la mwisho ndilo lisiwe la maji ya kisima yenye chumvi, kwani yakikauka yanaacha madoa meupe ambayo skana itayaona kuliko wewe. Tumia maji safi ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, yale yasiyo na tindikali (soma chupa vizuri, maana rafu ni hiyohiyo), na tone moja tu la sabuni ya vyombo. Tundika filamu bafuni baada ya mtu kuoga, vumbi likiwa limetulizwa na mvuke.

Divelopa gani? Kwa anayepiga mkanda mara moja kwa mwezi, unga wa ID-11 au D-76 una kasoro: ukishauchanganya, saa ya kuchacha imeanza. Rodinal, ambayo imekuwepo tangu 1891, ni dawa ya maji mazito. Hukaa kwenye chupa miaka, na unachota mililita chache kila mara. Kwa HP5 Plus ni sehemu 1 kwa 50 za maji, dakika 11 kwenye nyuzi 20. Chembe za picha zitaonekana zaidi. Mimi sioni ubaya; asiyezipenda achukue D-76.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha, isimwagwe kisimani wala bustanini. Ikusanye kwenye dumu lenye jina lake, mbali na watoto, umpe mwenye maabara au studio anayekusanya. Majagi ya dawa yasirudi jikoni tena, na vaa glavu: kemikali ya metoli iliyomo kwenye ID-11 na D-76 huwawasha ngozi baadhi ya watu.

Na rangi nyumbani? Inawezekana, na pwani ni rahisi kuliko Ulaya, maana kutoka nyuzi 28 kwenda 38 ni beseni la maji ya moto tu. Kinachokwamisha ni dawa. Pakiti ya lita moja hutangazwa kwa mikanda kuanzia 8, na ukishaichanganya unahesabu wiki. Mwenye mikanda miwili atamwaga pesa. Kama unataka picha za nyeusi na nyeupe lakini hutaki kugusa dawa, ipo Ilford XP2 Super, inayosafishwa kwa C-41 kama filamu ya rangi. Maabara yoyote ya rangi itaipokea. Filamu za sinema zenye tabaka jeusi mgongoni usizipeleke huko, tabaka hilo hubanduka na kuchafua mashine ya watu.

Skana, kamera, au simu

Tahadhari moja kwanza: skana ya kawaida ya ofisini haiskani negativu. Negativu inataka mwanga upite katikati yake, na skana hiyo inamulika kutoka chini tu. Ile ya bapa inayofaa, mfano Epson V600, ina taa ndani ya kifuniko.

Skana ya bapa ni ya mtu mwenye subira na mwenye filamu pana za 120, ambazo inazitendea haki. Kwa milimita 35 usidanganywe na namba za kwenye boksi. Imeandikwa nukta 6400 kwa inchi, lakini undani unaoupata kweli ni wa chini sana ya hapo. Skani kwa 2400: fremu ya milimita 24 kwa 36 inakupa pikseli kama 3400 kwa 2270, zinazotosha kuchapa picha inayokaribia ukubwa wa A4. Zaidi ya hapo unajaza diski. Skana ndogo za filamu pekee, kama za Plustek, ni kali zaidi kwa milimita 35, ila unasukuma fremu moja moja kwa mkono na 120 haiingii.

Skana nzuri pia huondoa vumbi kwa miale ya infraredi. Hiyo ni faida ya filamu ya rangi tu, pamoja na XP2. Kwenye filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, fedha iliyomo huzuia miale hiyo, na programu huanza kufuta picha ikidhani ni vumbi. Izime, tumia brashi laini na pampu ya hewa.

Mwenye kamera ya dijitali na lenzi ya makro amekwishamaliza nusu ya manunuzi. Anahitaji paneli ya taa nyeupe yenye rangi sahihi (tafuta CRI, kipimo cha usahihi wa rangi za taa, ya 95 au zaidi), kishikio cha kunyoosha filamu, na stendi ya kuielekeza kamera chini. Kazi yote iko kwenye unyoofu. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu, tazama kwenye skrini ya kamera: lenzi ikijiona yenyewe katikati kabisa ya picha, kamera imenyooka. Ondoa kioo, weka filamu, ISO 100, f/8, kujipiga kwa sekunde 2, zima taa za chumba. Mkanda mzima unakwisha kabla skana ya bapa haijamaliza safu ya pili. Kugeuza nyeusi na nyeupe ni kupindua mstari wa mwangaza kwenye programu yoyote. Rangi ni ngumu kwa sababu ya ile rangi ya chungwa ya negativu. Moduli ya negadoctor ndani ya programu ya darktable inafanya kazi hiyo bure, na Negative Lab Pro inalipiwa na inataka Lightroom.

Simu juu ya skrini ya tableti inatosha kuchagulia fremu tu. Inua negativu sentimita chache juu ya kioo, la sivyo utapiga picha ya pikseli za tableti.

Karatasi

Hapa ndipo wengi wa wanaoanza siku hizi huruka. Sababu yao ni ya kweli: kuchapa kunataka chumba cha giza, maji, umeme usiokatika na mashine ambayo haiuzwi kila duka. Kwa picha za kuwatumia watu, skana inashinda, hilo halina ubishi.

Lakini skana ina tabia ya kukusitiri. Umepiga fremu moja ikakosa mwanga, nyingine ikazidi. Programu inazirekebisha zote mbili, zinatoka zinafanana, na wewe hujui kwamba mita yako ya mwanga inakudanganya. Karatasi haikusitiri. Laza mkanda mzima, vipande sita vya fremu sita, juu ya karatasi moja ya sentimita 20 kwa 25, mulika wote kwa muda mmoja, safisha. Fremu zilizokosa mwanga zitatoka nyeusi, zilizozidi zitatoka zimepauka, na sawa zitaonekana sawa. Kwa mtazamo mmoja unajua unapokosea. Hiyo ndiyo kontakti, na haihitaji mashine ya kukuzia.

Inahitaji bafu usiku, dirisha likiwa limezibwa kwa kanga mbili na gundi ya karatasi, taa nyekundu, kioo cha fremu ya picha, trei tatu na balbu dhaifu. Karatasi iwe ya RC, ile yenye plastiki, kwa mfano Ilford Multigrade: divelopa kama dakika 1, dawa ya kuzuia sekunde 10, fiksa nusu dakika hadi 1, kuosha dakika 2. Ile isiyo na plastiki huenda ikataka saa nzima ya maji, iache. Pata muda wa mwanga kwa kipande cha majaribio: kifunike kwa kadi, kifunue kidogo kidogo kwa sekunde 1, 2, 4 na 8, uone ni sehemu gani imetoa weusi kamili pale filamu ilipo tupu.

Taa nyekundu yenyewe ipime. Balbu nyingi za mapambo zinaonekana nyekundu na bado zinavuja rangi nyingine. Gizani weka sarafu juu ya kipande cha karatasi, washa taa hiyo, acha dakika 5, kisha kisafishe. Duara la sarafu likitokea, taa haifai.

Kontakti ikishakauka, skana ya ofisini tuliyoikataa juu inapata kazi: iskani karatasi hiyo kwa 600 na unayo orodha ya mkanda wako wote kwenye kompyuta.

Nani achukue nini

Uko pwani, unapiga rangi, mkanda mmoja kila miezi miwili: maabara ikusafishie na ikuskani, usinunue kitu, ila negativu zirudi. Uko chuoni na wenzako wanne mna kamera: changeni tangi na dawa, pigeni nyeusi na nyeupe, kamera ya dijitali ya mmoja wenu iwe skana ya wote. Unatamani kufanya maonyesho ya picha zilizochapwa kwa mkono: anza na kontakti, na ukishakuwa na negativu kadhaa zinazostahili, ndipo utafute mashine.

Mashine za kukuzia za mitumba hujitokeza studio ya zamani inapofungwa au mzee anapohama nyumba. Kabla ya kulipa, mulika lenzi kwa tochi utafute utando wa ukungu, hakikisha kishikio cha negativu ni cha saizi ya filamu yako na kipo, maana hicho ndicho hupotea kwanza, na pandisha kichwa mpaka juu uone kama kinateremka chenyewe. Mwisho soma kibandiko cha umeme. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 utaunguza balbu ambayo hutaipata mjini.